Nikupigie windo ya ngapi? Ulinganisho kwa wenye laptop za mtumba

Mwalimu alifika na gari ya asubuhi kutoka Tukuyu. Laptop ameizungushia kanga, kanga ameitia kwenye kiroba, maana mvua ya Rungwe haina adabu. Akaiweka mezani, akajifuta mikono.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, fundi. Nipigie windo. Ila nasikia ya kumi imekufa, sasa sijui niweke ya ngapi."

Nina meza ya kutengeneza kompyuta Mwanjelwa, hapa jijini Mbeya, na swali hilo naulizwa karibu kila siku: na walimu, wanafunzi wa chuo cha MUST, wenye steshenari wa Kabwe na Mafiati, hata makatibu wa kwaya. Nikilijibu kwa mdomo huwa nalikata nusu, kwa sababu nyuma ya anayeuliza kuna mtu ameshika simu iliyoingia maji. Hapa nina nafasi. Nitaweka machaguo yote mezani: kubaki na Windows 10, kupanda Windows 11, kuhamia Linux, na mengine mawili nitakayoyapitia haraka. Kisha nitaingia kwenye muvi na nyimbo, kwa kuwa mteja akishashika laptop yake swali linalofuata huwa ni hilo.

Imekufaje?

Windows 10 ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuihudumia. Wengi wamesikia "imekufa" wakadhani ipo siku wataamka wakute kioo cheusi. Hapana. Inawaka, inachapa, inafungua Excel kama jana. Kilichosimama ni viraka. Kila mwezi kampuni ilikuwa ikiziba matundu ambayo wezi wanayagundua, na sasa haizibi tena. Windows XP iliachwa hivyohivyo Aprili 2014, Windows 7 ikafuata Januari 2020, na hadi leo naletewa mashine za Windows 7 zilizo nzima kabisa.

Kwa hiyo inategemea laptop yako inakutana na nani. Kama ni ya mzee wa Mafinga anayeandikia hesabu za mbao, na haijawahi kuonja intaneti, iache ilivyo. Kompyuta ya steshenari ni habari nyingine. Flashi za mtaa mzima zinapita pale. Mmoja anachapa wasifu wake, wa pili anafungua barua pepe, wa tatu anamwombea binti yake mkopo wa HESLB na namba ya NIDA iko wazi kwenye kioo. Hiyo usiiache bila viraka.

Upo mlango wa muda. Kwa mtumiaji wa nyumbani Microsoft wanatoa viraka vya ziada hadi 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30, au unakubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao na hapo hulipi kitu. Ni lazima uwe kwenye toleo la mwisho la Windows 10, lile la 22H2. Kama ndiyo kwanza umetoa ada ya watoto, chukua mlango huo upumue.

Ya kumi na moja na kadi ya mlangoni

Windows 11 ilitoka Oktoba 2021. Inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ndogo ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Orodha hiyo ndiyo inayowatoa watu wetu. Kwa Intel, kwa sehemu kubwa, inaanzia kizazi cha nane, na mitumba mingi inayofika huku ni ya chini ya hapo.

Kujua kizazi hakuhitaji fundi. Soma jina la prosesa. Ukikuta i5-6300U, tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi: sita. i5-8250U ni ya nane, inapita. i5-1135G7 ni ya kumi na moja, hapo unasoma tarakimu mbili za mwanzo. Zoea kusoma hivyo kabla hujatoa hela dukani, kwa sababu muuzaji atakwambia "ni Core i5, kali sana" na hatakuwa amedanganya.

Ya mwalimu ilikuwa 6300U. Kibodi safi, betri inakaa saa mbili na ushee, bawaba hazijalegea. Mashine nzima, na imezuiwa mlangoni kama mtu aliyekwenda harusini bila kadi ya mchango.

Mafundi tunajua kuruka ukuta. Kuna programu ya bure iitwayo Rufus, inakutengenezea flashi ya Windows 11 isiyouliza TPM. Nimeifanya mara kadhaa na mashine zikawaka. Lakini Microsoft wanasema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina uhakika wa masasisho, na lile toleo kubwa la kila mwaka mara nyingi halijileti lenyewe. Kila mwaka utarudi kwangu. Kibiashara sina neno, ila wewe unayetoka Tukuyu au Makambako piga hesabu ya nauli.

Na ile RAM ya GB 4 ya kwenye karatasi ni ya kuwashia tu. Fungua kivinjari na Word kwa pamoja uone. Anzia GB 8, na diski iwe SSD, ile ya kasi isiyozunguka. Kama una hela ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, toa diski ya kuzunguka uweke SSD, habari za windo zingoje. Sijawahi kuona mteja akajuta.

Kitu kingine: Windows 11 Home, wakati wa kuisimika, inadai intaneti na akaunti ya Microsoft. Kuanzia toleo la 24H2, ukishaingia kwa akaunti hiyo, kwa kawaida inafunga diski yako kwa msimbo bila kelele. Laptop ikiibiwa stendi, mwizi hasomi kitu, na hilo ni jema. Shida inakuja pale kijana wa dukani alipokufungulia akaunti kwa barua pepe aliyoitunga papo hapo. Siku ubao mama unabadilishwa, kioo kinadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo uko kwenye akaunti ile. Bila huo mafaili hayatoki, hata uniletee ng'ombe. Fungua akaunti mwenyewe, andika nywila kwenye daftari, daftari liweke kabatini.

Kabla hujanunua leseni, na kabla hujaiiba

Kwa Marekani, leseni ya Windows 11 Home ni dola 139, ya Pro ni dola 199. Hata ile ndogo inavuka laki tatu za Kitanzania, bei inayokaribia laptop yenyewe ya mtumba. Ndiyo maana kraki, yaani programu za kufungua leseni kwa wizi, zimejaa mitaani, na sitajifanya sijui zinawekwaje.

Lakini kuna jambo mafundi wengi hawalisemi, ama hawalijui ama linawaharibia mkate. Laptop nyingi zilizouzwa na Windows 10 zilitoka kiwandani na ufunguo wa leseni umeandikwa kwenye chipu ya ubao mama. Ukiifuta ukaweka upya Windows ya aina ileile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ukaunganisha intaneti kidogo, inajitambua yenyewe. Hakuna namba ya kuandika, hakuna hela ya kumpa mtu. Mitumba mingi ilikuwa mali ya maofisi huko Ulaya na inakuja na Pro ndani. Nimeshapokea mashine yenye leseni halali tumboni, juu yake imepachikwa kraki, na mwenyewe katozwa hela ya "kuaktiveti". Ni kama mtu wa Tukuyu kununua ndizi Dar es Salaam akapanda nazo basi kurudi nyumbani.

Kwa hiyo kabla ya lolote, ingia kwenye mipangilio, tafuta neno Activation, usome. Na kama haina leseni, jua kwamba Windows isiyoaktivetiwa inafanya kazi. Utaona maandishi hafifu pembeni mwa kioo yakikukumbusha, na hutaweza kubadilisha picha ya nyuma. Word inafunguka, printa inachapa. Si hali ya kudumu nayo, ila ni afadhali kuliko kraki.

Kraki nimeiona ikilipa kisasi. Mwenye steshenari mmoja alikuja asubuhi na kompyuta ya mezani kaibeba kifuani kama mtoto mgonjwa. Mafaili yote yamebadilika majina, hakuna linalofunguka, na kwenye kila folda kuna barua ya Kiingereza inayodai dola. Nikamuuliza jana yake aliweka nini. Alipakua kraki ya ofisi, na maelekezo yake yalianza hivi: zima antivairasi. Akazima. Mikataba ya wateja, barua za serikali ya mtaa, vielelezo vya vyeti vya miaka mingi, vyote vikaenda. Nilichoweza kumrudishia ni vile ambavyo binti yake alikuwa amenakili kwenye flashi ya shule.

Linux, kwa asiyetaka maneno mengi

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi huko Finland. Ni bure na ni halali, unaweza kuiweka kwenye mashine mia bila kumwogopa mtu. Iko ya sura nyingi. Mtu aliyezoea Windows mimi nampa Linux Mint, maana kitufe cha kuanzia kiko kilekile pembeni chini na hatapotea. Ubuntu nayo ni nzuri, na jina lake lapasa litupe furaha kidogo: ni neno la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa damu wa "utu" wetu. Aliyeianzisha, Mark Shuttleworth, ni Mwafrika Kusini, na toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Mwaka huohuo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Leo hata mafundi wenzangu hawaikumbuki.

Mint 22 itahudumiwa hadi 2029. Faili la kuisimika ni karibu GB 3, la Windows 11 linazidi GB 5, na kwa anayeishi kwa bando hiyo ni hela. Masasisho ya Mint yanakuonyesha ukubwa wake kabla hujakubali, yanasubiri. Windows nayo unaweza kuiambia kwamba intaneti yako ni ya kupimwa, ipunguze ulafi, lakini kitufe hicho ni lazima uambiwe kilipo.

Sifa ninayoipenda zaidi ni kwamba unaionja bila kufuta kitu. Nilichomeka flashi kwenye laptop ya mwalimu, nikaiwashia humo, Windows yake ikabaki imelala kwenye diski haijaguswa. Baada ya dakika mbili yuko kwenye kioo cha Mint. Sauti ipo, Wi-Fi imeona hotspoti ya simu yangu, kiguso cha kidole kinasikia. Akafungua kivinjari, akaingia kwenye barua pepe, akaingia Ajira Portal kumwangalizia mdogo wake. Hivyo vyote ni kivinjari tu, havijali chini yake kuna nini.

Kisha akachomeka flashi yake na kufungua mtihani wa Jiografia wa kidato cha pili. Nikamwona uso umebadilika. "Fundi, huu nimeupanga kurasa nne. Hapa ni tano." Kweli, maelekezo ya swali la mwisho yamebaki ukurasa wa nne, ramani imehamia wa tano peke yake kama yatima.

Kosa lilikuwa langu, si la LibreOffice, programu ya ofisi inayoshika nafasi ya Word ndani ya Mint. Mtihani uliandikwa kwa fonti ya Times New Roman na vichwa vya Calibri, nami flashi yangu haikuwa na fonti zote mbadala. Zipo fonti huru zilizopimwa kwa upana uleule wa herufi: Liberation Serif inasimama mahali pa Times New Roman, Carlito mahali pa Calibri. Ukiziweka, mistari inakatika palepale ilipokatika kwa Word. Nikamwambia aniachie hadi Jumamosi. Kama kazi yako ni mitihani, barua na hesabu ndogo, hili ndilo jambo la kumbana nalo fundi wako anapokuwekea Linux. Mwambie akufungulie faili lako mwenyewe mbele yako, la kwake lisikuridhishe.

Sasa, wapi Linux inakwama? AutoCAD haipo. ArchiCAD haipo. Photoshop na Premiere hazipo. Mwanafunzi wa uhandisi au usanifu pale MUST asinisikilize nikisifia Mint. Abaki Windows, na atumie barua pepe ya chuo kuomba leseni ya mwanafunzi ya Autodesk, ambayo ni bure kwa mwaka na inahuishwa ukiwa bado unasoma. Mhasibu wa QuickBooks ya kwenye kompyuta naye abaki. Anayefanya takwimu ajaribu R au PSPP kabla ya kukata tamaa. Na zipo printa ndogo za leza, zile zinazopendwa na steshenari kwa sababu wino wake ni rahisi, ambazo zinakataa Linux au zinakubali baada ya wewe kukonda. Pima printa kwanza.

Mac nitaipitia kwa mguu mmoja. Mashine nzuri, za chipu mpya zilizoanza 2020 zinakaa na chaji muda mrefu kweli, lakini ikiharibika huku kwetu kipuri kinatoka Dar es Salaam na bei yake inatoka mbinguni. ChromeOS Flex ya Google nayo ni bure, inafufua mashine za zamani, ila bila intaneti inabaki pambo, na programu za simu za Android haziingii humo. Kwa shule yenye mtandao wa uhakika inafaa. Shule hiyo ukiipata nijulishe.

"Na muvi zangu?"

Hapa tena kuna njia tatu: flashi ya kibandani, programu ya kulipia kwa mwezi, na faili ulilolinunua likawa lako. Ya kwanza wote tunaijua. Unakwenda na flashi, unachagua kwenye orodha, unajaziwa, unaondoka. Haina bando, haina nywila, inacheza kwenye chochote chenye tundu la USB. Na aliyeigiza hapati hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, COSOTA inayosimamia hakimiliki ipo, na vibanda vipo.

Njia ya pili inaonekana ya kiungwana hadi ukutane na kufuli. Niliitwa Iringa, Kihesa, kuwasaidia vijana wa kanisa waliotaka kuangalia filamu ukumbini. Mmoja ana akaunti ya programu ya filamu, analipa kila mwezi. Projekta yao ni ya zamani, ina tundu la VGA tu, kwa hiyo tukaweka adapta kutoka HDMI. Tukabonyeza. Sauti ikajaa ukumbi, kitambaa kikabaki cheusi. Tukabadilisha waya. Tukazima, tukawasha. Kuku anasikika, gari linasikika, picha hakuna. Kijana mmoja akatoa flashi mfukoni, filamu ileile kutoka kibandani, ikaonyesha mara ya kwanza. Ukumbi ukapiga makofi.

Kilichotufunga kinaitwa HDCP. Ni ulinzi uliobuniwa na Intel: kabla picha haijapita kwenye waya, laptop na kioo vinaulizana siri. Projekta ya VGA haina siri ya kujibu, basi picha inazimwa. Nakiri masharti ya programu hizo ni ya kutazama nyumbani, ukumbini hapana. Lakini kufuli halikujua kama tuko ukumbini. Lingefanya vilevile sebuleni kwangu. Na ufunguo mkuu wa HDCP ulivuja tangu Septemba 2010, kwa hiyo anayetaka kunakili hasumbuki nao. Anayesumbuka ni mwenye akaunti na projekta kuukuu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa DVD. Ziliwekewa kufuli liitwalo CSS, na dunia ikagawanywa kanda. Tanzania tuko kanda ya 5, Afrika Kusini kanda ya 2, ili diski halali uliyoinunua Johannesburg igome kwenye deki ya Mbeya. Mwaka 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, alihusika kutoa programu ya kulifungua. Wakamshtaki, na mahakama za kwao zikamwachia huru. Diski za bandia hazikuwa na kanda wala kufuli. Zilicheza popote.

Siwacheki wenye kazi zao, maana upande huo nao wanakuja mezani kwangu. Katibu wa kwaya moja ya Uyole alileta albamu yao ya video, akaniomba: "Tuwekee kufuli, isikopiwe." Wametoa michango, wamekodi kamera, wamesafiri hadi ziwani Matema kupiga picha, halafu wiki ya pili albamu iko kwenye kila kibanda cha Mwanjelwa. Uchungu wake niliuelewa. Nikamweleza kwa kumwonyesha. Nilimwuliza: atakayenunua flashi, si lazima asikie na aone? Ndiyo. Basi ni lazima umpe ufunguo pamoja na kufuli. Na mtu mwenye vyote viwili ndani ya nyumba yake, utamzuia vipi? Hata akishindwa kabisa, ataweka simu mbele ya televisheni arekodi.

Nikamsimulia pia habari ya Sony BMG. Mwaka 2005 waliuza CD za muziki zenye programu ya ulinzi iliyojificha ndani ya Windows ya mteja bila kumwambia. Mtaalamu Mark Russinovich akaifichua Oktoba mwaka huo, ikaonekana kwamba virusi vinaweza kujificha palepale, na kampuni ikazirudisha CD hizo. Aliyeumia ni yule aliyenunua dukani. Aliyepakua kwa wizi kompyuta yake ilikuwa salama.

Katibu akakaa kimya, kisha akasema, "Sasa tufanyeje?" Hatukuweka kufuli. Tulitoa flashi zenye nembo ya kwaya pamoja na kijitabu cha maneno ya nyimbo, ziuzwe ibadani na kwenye matamasha. Nyimbo mbili zikawekwa YouTube kwa jina lao wenyewe kabla vibanda havijawahi. Nami nikamsisitiza wakasajili kazi COSOTA. Walipata nini, hayo ni ya kwao.

Ukiamua kulipia kwa mwezi, yapo ya kuangalia ambayo tangazo halikwambii. Ulichopakua ndani ya programu hakihami: hukitoi kwenye simu ukakipeleka redio ya gari. Spotify inataka uingie mtandaoni angalau mara moja ndani ya siku 30, la sivyo nyimbo ulizohifadhi zinagoma. Na ubora wa picha unafuata chuma ulichonacho. Ulinzi wa Google uitwao Widevine una ngazi. Simu au kisanduku cha televisheni chenye ngazi ya L3 kitakupa picha ya chini hata ukilipa kifurushi kikubwa na kioo kikiwa kikali. Kwenye Linux nako hupati picha ya juu kabisa ya programu hizo, wakati Windows kwenye laptop ileile inaipata. Kama filamu za kulipia ndiyo sababu yako ya kumiliki laptop, hiyo ni alama moja ya haki kwa Windows, na naitoa.

Njia ya tatu watu wanaisahau. Muziki ulionunuliwa iTunes haujafungwa tangu 2009. Bandcamp, duka la nyimbo la mtandaoni, inakupa faili la MP3 na hata la ubora wa juu. Michezo ya kompyuta ya duka la GOG unaipakua ukaihifadhi. Ukishalipa ni lako, unaliweka kwenye flashi, kwenye Mint, kwenye deki ya bajaji. Linganisha na vitabu vya kidijitali vya Microsoft: mwaka 2019 walifunga duka hilo, na vitabu vya watu vikafutika kutoka kwa wenyewe. Walirudishiwa hela, sawa. Lakini mtu wa Rungwe anayajua haya bila kompyuta. Shamba la kukodi unalima viazi, msimu ukiisha unatoka. Parachichi hupandi humo.

Kwa hiyo mimi filamu ya kutazama mara moja naikodi, na simwonei mtu haya. Nyimbo nitakazozisikiliza miaka kumi, na kitabu nitakachompa mwanangu, nanunua mahali ninapopewa faili. Na kazi zangu mwenyewe, picha, barua, hesabu, ziko kwenye diski mbili, moja Mwanjelwa, moja nyumbani Iyunga.

Mwalimu tulimaliza naye hivi: SSD ya GB 256, RAM ikaongezwa ikafika 8, Mint ikawa ya kwanza, na Windows 10 ikabaki kwenye kipande chake pembeni kwa ajili ya ile printa ya shule. Leseni yake ilikuwa ndani ya ubao mama muda wote, hakuwa anajua. Jumamosi akaja kuichukua, akaizungushia kanga tena, akakimbilia gari.

Jumatatu saa mbili asubuhi akanitumia picha kwa WhatsApp. Ni karatasi za mtihani zimetandazwa kwenye meza ya ofisi ya walimu, moto kutoka kwenye printa. Nikazikuza kwa vidole nikahesabu. Nne. Ramani iko chini ya swali lake.